Tulipolifagia Bonde

Februari 9

Mume wangu amenipa daftari hili. Anasema maneno yangu ni mengi kuliko masikio yake mawili, na kwamba nikienda kulala nayo nageukageuka mpaka godoro linalalamika. "Andika, mama, nami nilale." Haya baba, naandika. Lala.

Leo nimefungua maji. Nimepanda hadi banioni, pale tunapokikinga kijito, nikainua ubao wa lango, maji yakaingia mfereji mkuu huku watu wakishangilia utadhani hawajaona maji tangu wazaliwe. Mimi ndiye mgawa maji wa bonde hili. Kikundi chetu cha wakulima hunichagua kila msimu, si kwa kupendwa, kwa kuogopwa. Jina wanaloniita nikiwapa mgongo nalijua pia: Bibi Fagio. Wala halinikeri. Nyumbani kwangu haingii mtu na viatu, awe daktari, awe mkwe, na mfereji wangu hauoti jani.

Jaruba la mpunga la kwanza kutoka banioni ni la wifi yangu, dada wa mume wangu. Alipofiwa na mumewe alirudi huku kwa kaka yake, akapata nyumba yake jirani nasi, na kikundi kikampa jaruba hilo, la kwanza kunywa maji. Wapo walioona kijicho. Msimu uliopita akavuna mapepe, maganda matupu yasiyo na punje. Yeye anasema ni maji ya mgodi wa makaa ya mawe ulioko kule juu kilimani. Mimi nasema ni magugu. Wifi ni mtu wa kuimba na kupumzika, na palizi yake ni ya kupapasa. Nilimwambia hivyo mbele ya watu, nikamkumbusha na kanuni yetu: jaruba lisilotoa mavuno misimu miwili mfululizo linarudi kikundini, anapewa mwingine. Huu ni msimu wake wa pili. Mimi sina upendeleo, hata kwa ndugu.

Februari 11

Mvua. Matope mpaka sebuleni. Nimepiga deki, wameingia, nimepiga tena.

Februari 20

Wifi amekuja asubuhi na mche wa mpunga mkononi, ameushika kwa mizizi kama mtu aliyeshika kuku wa ugomvi. "Tazama, wifi. Tazama mizizi." Ilikuwa imevaa kutu, nyekundu, na ncha za majani zimekuwa njano. Mfereji wake, anasema, una tope jeusi chini ambalo ukilikanyaga linatoa mafuta.

Nikamuuliza, "Umepalilia lini?"

Akacheka, lakini si kicheko chake. "Hiki ni kitalu, wifi. Miche ya kitalu inapaliliwa nini?"

Nikamwambia aweke samadi. Alipoondoka mume wangu aliniambia, "Ungekwenda kuona." Nikamjibu kwamba kila mwaka mvivu ana sababu mpya. Miche yangu mimi, inayonywa maji ya chemchemi kule chini, ni ya kijani mpaka unaionea huruma kuing'oa.

Machi 3

Kikao. Kuna habari. Mgodi unataka kuchimba shimo la pili, safari hii pale pale kwenye kichwa cha kijito. Kabla ya kupewa kibali, serikali inatuma watu kupima bonde: maji, udongo, mpunga. Wakikuta bonde limeharibika, mgodi utalazimishwa kwanza kujenga mabwawa ya kutulizia maji machafu, tena mbali na kijito. Wakikuta liko salama, basi, wanachimba.

Wifi alisimama akasema, "Alhamdulillahi, wacha waje waone." Watu wakapiga makofi kidogo. Mimi nilikuwa nafikiria jambo jingine kabisa. Nilikuwa nafikiria vichaka vilivyoota pale kwenye kivuko, na yale matambara aliyotundika fundi baiskeli, mwenzetu wa kikundi, kufukuza ndege. Wageni wa serikali wapite hapo? Aibu gani hii.

Machi 5

Amekuja yule bwana wa mgodi anayeshughulika na wanakijiji. Watu wanamwita Bwana Viatu, kwa jinsi viatu vyake vinavyong'aa hata siku ya tope. Nilikuwa nimejiandaa kumfokea mlangoni. Akavua bila kuambiwa, akavipanga ukutani, visigino sawa. Soksi safi.

Alikuwa mpole. Akasema, "Mama, mimi sina cha kukufundisha. Mgeni akija kwako unamkaribisha vipi?" Nikamwambia, nafagia. Akasema mgodi unaona vivyo hivyo, utaleta makoleo na glavu, na kwa heshima ya wageni utapumzisha pampu zake za kutoa maji shimoni wiki hiyo, maji yashuke safi. Nikamshukuru. Nimeandika nilimshukuru, na nilimsindikiza mpaka barabarani.

Mume wangu alisema tu, "Mtu anayekuletea koleo bure, mwangalie mikono." Nikamwambia nenda kaoge.

Machi 10

Mgongo hauna kauli. Tumefanya kazi watu wote wa bonde. Tumefyeka kingo, tumezoa tope jeusi lote la mfereji mkuu, ndoo kwa ndoo, tukalimwaga nyuma ya nyumba yangu maana ndiko kwenye shimo. Sikujua ni jingi hivyo. Lilipanda likawa kichuguu. Nguo zimeingia weusi usiotoka kwa sabuni. Lakini mfereji! Ungeweza kuweka sahani ndani yake ukala.

Limebaki jaruba la wifi tu. Mpunga wa bonde zima tumeshaupandikiza, umesimama, wake umekaa njano katikati ya kijani kama doa kwenye shuka. Na ndilo jaruba la kwanza, ndilo watakaloanza nalo. Nikatoa miche yangu ya akiba kitaluni, nikachukua akina mama, tukaenda kuung'oa ule wa njano tupande mzuri.

Wifi alikuwa amesimama kwenye tuta. Hakuwa anaimba.

"Wifi, mnafanya nini?"

"Tunakusitiri."

"Mimi sijavua nguo, sina haja ya kusitiriwa. Mgonjwa akipelekwa kwa daktari hapakwi poda, wifi. Anapelekwa hivyo hivyo, na makamasi yake. Acheni mpunga wangu uonekane."

Akina mama wakanitazama. Mimi nikaona ananibishia mbele ya watu, mimi mke wa kaka yake mkubwa. Damu ikanipanda. Nikamwambia maneno ambayo sasa hivi, nimekaa hapa na miguu kwenye beseni la maji ya moto, bado naona yalikuwa ya haki: kwamba uvivu wake hautatuaibisha bonde zima, na kwamba ubao wa lango niko nao mimi, asipotaka kusikia nitaruka zamu yake ya maji aone atamwagilia kwa machozi au vipi.

Kisha akashuka jarubani, akaanza kung'oa pamoja nasi. Aling'oa upesi kuliko sisi wote.

Machi 14

Wamekuja! Nilitegemea wazee wenye vitambi, kumbe mpimaji mkuu ni binti, anaweza kuwa wa kwangu wa mwisho, na mabuti ya mpira yanayompwaya. Ana vijana wawili wa kubeba chupa. Walipopita kwangu kwanza kunywa chai, alivua mabuti mlangoni bila kuambiwa. Alichota maji banioni, akachota mferejini, akachimba udongo, akainama kwenye jaruba la wifi akakata majani akatia kwenye mfuko. Maji yalikuwa meupe pe. Pampu zilikuwa zimepumzika kama Bwana Viatu alivyoahidi.

Mpimaji akamgeukia wifi. "Mpunga wako una shida yoyote, mama?"

Wifi hakumtazama yeye. Alinitazama mimi. Nilimkunjia uso kidogo, ule uso ninaomkunjia mtoto mbele ya wageni.

"Hauna shida," akasema wifi.

Mpimaji akaandika. Halafu akaniambia mimi, mbele ya watu wote, kwamba ametembea mabonde mengi lakini hajaona mfereji uliotunzwa namna hii. Niliwaza, kesho hata wakiniita Bibi Fagio nitaitika.

Machi 15

Bado nasikia raha.

Machi 30

Mvua kubwa kilimani, huku kwetu manyunyu tu. Asubuhi nimekwenda banioni, maji yameshuka meusi, na juu yake povu la rangi ya kutu. Pampu zimeamka. Nilishusha ubao upesi, lakini jaruba la kwanza lilikuwa limeshakunywa.

Aprili 2

Fundi baiskeli anasema siwezi kufunga banio siku nyingi hivi, mpunga wa watu unakauka. Nimefungua. Nikaonja maji kwa ulimi. Yana ladha ya msumari.

Aprili 9

Wifi hanipitii tena nyumbani. Zamani alikuwa anapita kila jioni, anaimba toka barabarani ili nijue nimfunge mbwa. Mume wangu ananiuliza nini kimetokea. Nikamwambia muulize dadako.

Aprili 17

Nimekwenda kwenye jaruba la wifi asubuhi kabla hajafika. Nilikwenda kutafuta magugu, Mungu anisamehe. Nilitaka kuyakuta. Nilitembea tuta kwa tuta nikiwa nimeinama, nikitafuta hata jani moja la nyasi la kumsuta nalo. Hakuna. Jaruba limepaliliwa kuliko la kwangu. Na miche yangu, ile mizuri niliyompandia kwa mkono wangu, imekuwa njano. Nikang'oa mmoja. Mizizi imevaa kutu.

Niliurudisha kwenye tope, nikaubana kwa kidole usimame, asijue kama kuna mtu alikuja.

Aprili 18

Sikulala. Daftari halisaidii.

Mei 12

Leo wamekuja kusoma ripoti, kwenye darasa la shule, sisi tumekaa kwenye madawati ya watoto, magoti masikioni. Karani wa ofisi ya mpimaji alisoma. Lugha ilikuwa ndefu. Nilisikia "mfereji uliotunzwa kwa kiwango cha kupigiwa mfano," nikapiga makofi. Mimi ndiye niliyeanza, wengine wakafuata. Bwana Viatu naye alipiga, mbele kule.

Kisha karani akaendelea. Maji: salama. Udongo: salama. Mpunga wa jaruba lililo karibu zaidi na mgodi: wenye afya, na mwenye shamba amethibitisha kwa kinywa chake kwamba hauna shida. Kwa hiyo hakuna haja ya mabwawa. Shimo la pili limeruhusiwa, kazi itaanza baada ya kiangazi.

Mikono yangu ilikuwa bado imekutana kifuani, makofi hayajaachana. Wifi alikuwa amekaa nyuma karibu na mlango. Alisimama, akakung'uta vumbi la chaki kwenye kanga yake, akatoka. Afadhali angenitukana. Ningekuwa na kitu cha kujibu.

Mei 13

Naandika mchana, mume wangu yuko shamba. Nataka kuandika jambo hili moja kwa moja, bila kulipamba.

Mgodi haukutudanganya. Hapo ndipo panaponiuma. Hakuna aliyebadilisha chupa za yule binti, hakuna aliyehongwa. Alipima alichokikuta, na alichokikuta nilikipika mimi. Bwana Viatu alinishika pale ninapojipenda, akanyamaza, mimi nikafanya yaliyobaki. Nilizoa ushahidi wote kwa koleo la bure nikautupa nyuma ya choo changu. Niling'oa mpunga mgonjwa wa mjane nikampandia mzima, halafu nikamkunjia uso ili aseme uongo. Na aliusema kwa kuwa nilimtishia maji. Nimekuwa nikisema sina upendeleo hata kwa ndugu. Kumbe upendeleo ninao, naupendelea usafi wangu.

Na kanuni ipo pale pale. Mwezi wa saba tunavuna. Wifi atavuna mapepe kwa mara ya pili, na jaruba litaondoka mikononi mwake. Atakayesimama kulitangaza hilo ni mgawa maji. Ni mimi.

Usiku, naendelea. Mume wangu alirudi akanikuta nimekaa sakafuni. Nikamwambia yote. Alinisikiliza mpaka mwisho, na si kawaida yake. Akavuta pumzi, akasema, "Mke wangu, wewe ukiona kidonda unakimbilia kitambaa." Kisha akaniletea chai, nikalia ndani ya kikombe.

Mei 20

Nimekwenda mjini, ofisini kwa mpimaji. Nimebeba ndoo ya lile tope. Mazoea ni mabaya: nililifunika kwa kitambaa cheupe nilichokipiga pasi. Askari wa getini alidhani nimeleta chakula, akaniuliza kama kimebaki na chake.

Yule binti alinikumbuka. "Mama wa mfereji!" akasema, akanivutia kiti. Ndipo nikafunua ndoo. Nikamweleza kila kitu, toka makoleo hadi miche. Alisikiliza huku uso wake ukipungua ule uchangamfu. Mwisho akavua miwani.

"Mama, kwa nini?"

"Mlikuwa wageni."

Aliinamia lile tope akalitazama. Akaniambia, kwa upole ulionichoma, kwamba halimsaidii. Tope likishatoka mferejini si la mfereji tena, mtu yeyote atasema nimelizoa kwingine. Na neno la mwenye shamba limeshaandikwa. Lakini akasema anaruhusiwa kurudi kupima tena kabla shimo jipya halijafunguliwa, ikiwa kuna mashaka. Hawezi kuahidi kwamba kibali kitafutwa. Anaweza kuahidi kuja tu.

"Nitakujulisha siku," akasema.

Nikamshika mkono. "Usinijulishe, mwanangu. Nakuomba. Ukinijulisha nitafagia."

Alicheka kidogo, halafu akaona sicheki.

Juni 1

Nimetangaza kikaoni: hakuna kuzoa tope, hakuna kufyeka kingo za juu, kila kitu kibaki kilivyo mpaka nitakaposema. Watu wakaangaliana. Fundi baiskeli akauliza kama nina homa. Sikuwaeleza kwa nini. Niliogopa. Nilisema ni amri ya mgawa maji, wakanyamaza kama kawaida yao, nami nikaona jinsi ilivyo rahisi.

Juni 8

Hakuja.

Juni 15

Hakuja. Mfereji unatisha kuutazama. Napita nimefumba jicho moja.

Juni 22

Nimekutana na wifi kisimani. Nilikuwa nimepanga maneno wiki nzima. Nikasema, "Wifi, nisamehe."

Akajaza ndoo yake mpaka juu, taratibu. "Kwa lipi?"

"Kwa mpunga. Kwa kukutishia maji. Kwa kukuita mvivu."

"Uliniita mvivu kikaoni, wifi, mbele ya watu wote. Leo kisimani tuko wawili na kata." Akajitwisha ndoo, akaenda zake. Maji hayakumwagika hata tone.

Julai 6

Tumevuna. Huku chini kwenye chemchemi mpunga umejaa, huko juu umepungua, na safari hii si kwa wifi peke yake. Majaruba yanayomfuata nayo yameingia njano. Wifi alipepeta mavuno yake uwanjani, upepo ukayachukua karibu yote. Yalikuwa mapepe.

Julai 8

Kikao cha kugawa majaruba. Karatasi nilikuwa nayo mkononi, lakini sikuisoma, maana herufi zilikuwa zinacheza.

Nilisimama. Fundi baiskeli alikuwa ameshasimama pia, anajua utaratibu, jaruba la kwanza linatangazwa limerudi na wanaolitaka wananyoosha mikono. Safari hii hakuna aliyejiandaa kunyoosha. Sasa hakuna anayelitaka.

Nikasema, "Kabla ya kanuni nina maneno. Mwaka jana hapa hapa nilisema wifi yangu ni mvivu. Nilisema uongo, ingawa sikujua. Mwezi wa pili alinionyesha mizizi, sikutaka kuona, na mwezi wa tatu nikafanya vibaya zaidi. Mimi ndiye niliyeng'oa mpunga wake. Mimi ndiye niliyemtishia maji ili awaambie wapimaji hauna shida. Ripoti mliyosikia darasani ni yangu mimi, aliyeiandika alikopa tu macho yangu."

Mama mmoja akasema, "Lakini sote tulizoa, Bibi Fa..." akajishika mdomo. Watu wakaguna kwa kucheka. Nikamwambia malizia tu. Nikasema ndiyo, sote tulizoa, ila aliyekataa alikuwa mmoja, na mmoja huyo ndiye tunayetaka kumnyang'anya jaruba.

Kanuni ni kanuni, akasema fundi baiskeli, ukiipinda leo kesho itapindwa na mwingine. Alikuwa na haki. Nilikuwa nimeshalifikiria hilo na mume wangu, naye alikubali baada ya kukuna kichwa mpaka nikamwonea huruma. Nikasema jaruba la kwanza lirudi kikundini kama kanuni isemavyo, na mimi nalichukua. Jaruba langu la chemchemi apewe wifi.

Kisha wifi akasimama kule nyuma. Nilidhani atakataa. Nilitaka akatae kidogo, tubembelezane, watu waone tumepatana.

"Nakubali," akasema. "Na magugu yako kule ni mengi, wifi. Nimeyaona. Anza kwa kuyang'oa ndipo unikabidhi."

Ukumbi mzima ulivunjika mbavu. Mimi nilikuwa natabasamu, na machozi yalikuwa yananiingia mdomoni.

Julai 19

Nimemkabidhi, limepaliliwa. Alikagua kila tuta. Hakusema asante, wala sikuitarajia.

Agosti 4

Tunalima mara mbili kwa mwaka maadam maji yapo, kama bado ni maji. Nimepandikiza jaruba la kwanza. Kila ninapoingia miguu inatoka na soksi nyeusi.

Agosti 12

Kilimani wameanza kufyeka njia ya shimo jipya. Msumeno unasikika mpaka jikoni kwangu. Hakuja. Labda hatakuja, labda walimkataza. Nimepalilia asubuhi, nimepalilia jioni. Mpunga wangu ni safi hauna gugu, na ncha zake zimeanza njano. Nilijua zitaanza. Kuona ni kitu kingine. Wifi aliona hivi misimu miwili, na jirani yake akimwambia apalilie.

Agosti 26

Nilikuwa jarubani, tope limefika magotini, nguo yangu haina rangi inayotajika. Nyumbani sikufagia, sijafagia vizuri tangu juzi. Mfereji umejaa weusi na majani, povu limeganda kwenye kona. Wifi alikuwa anapita juu ya tuta na mzigo wa kuni, akasimama kidogo, siku hizi husimama, na nadhani alitaka kunitania. Ndipo tukasikia pikipiki.

Mpimaji. Peke yake, na chupa zake mgongoni kwenye mkoba. Hakupiga simu, hakutuma mtu. Akaja mpaka ukingoni mwa jaruba, akautazama mfereji, akautazama mpunga, akanitazama mimi toka kichwani hadi pale miguu ilipopotelea kwenye tope. Nilisikia aibu ikinipanda shingoni, ile ile ya zamani. Mkono wangu mmoja ulikwenda wenyewe kuficha mche wa njano uliokuwa mbele yangu. Nikaurudisha.

Akauliza, kama alivyouliza siku ile: "Mpunga wako una shida yoyote, mama?"

Wifi alikuwa ameutua mzigo. Alikuwa ananitazama.

"Una shida," nikasema. "Una shida kubwa, mwanangu."

Yule binti akakaa kwenye tuta, akaanza kuvua mabuti yake, nadhani alikumbuka alivyovua mlangoni kwangu mara ya kwanza.

"Usivue," nikamwambia. "Huku ni kuchafu. Ingia na viatu."